Tathmini ya hatari jikoni kwa anayelea watoto nyumbani: inaandikwaje?

mlezi_kireka
Habari zenu. Ninalea watoto sita nyumbani hapa Kireka. Mdogo ana miezi tisa, mkubwa miaka minne. Napika kwa sigiri (jiko la makaa) kwenye veranda ya nyuma, na ndani kuna mtungi wa gesi wa kilo 6, ule wenye jiko juu yake. Mzazi mmoja anataka tathmini ya hatari za jikoni kwa maandishi kabla hajamleta mtoto. Fomu za mtandaoni zinazungumzia oveni na mashine za kuoshea vyombo, vitu nisivyo navyo. Nianzie wapi? Tuko wawili, mimi na dada wa kazi ambaye huondoka saa nane mchana.

mkaguzi_jinja
Dada, kabla ya karatasi piga magoti. Fanya hivyo saa ileile unayopika, si wakati jiko limepoa, na utembee kwa magoti kutoka mlango wa jikoni hadi mwisho wa veranda. Andika kila kitu ambacho mkono unakifikia na kila kinachoning'inia: waya wa birika la umeme, pindo la kitambaa cha meza, mpini wa kikaango, kisu kilicholala ukingoni. Mtoto wa miaka miwili akisimama kwa vidole anafika juu ya meza ya kawaida bila shida.

Kisha chora safu tano: kitu chenyewe, mtoto yupi na ataumia vipi, kinga iliyopo leo, kinga ya kuongeza, nani ataifanya na tarehe gani. Pembeni weka namba mbili, uwezekano (1 hadi 3) na ukali (1 hadi 3), uzizidishe. Ikipatikana 6 au 9, rekebisha kabla mtoto hajaingia asubuhi. Mfano wa mstari mmoja: "Themosi ya chai juu ya meza fupi. Anayetambaa na wa miaka miwili. Ataivuta, ataungua kifua na uso. Kinga ya leo: hakuna. 3 × 3 = 9. Ihamie rafu ya ukutani leo." Watu hawaiogopi themosi kwa kuwa haina moto, ilhali chai iliyomiminwa asubuhi bado inaunguza saa kadhaa baadaye.

Kosa ninaloliona sana kwenye karatasi hizi ni kuandika "watoto wamekatazwa kuingia jikoni" kama kinga. Kwa mtoto wa miezi tisa hilo ni neno tu. Kwanza ondoa hatari. Usipoweza, weka kizuizi kati yake na mtoto. Makatazo yaje mwisho kabisa.

Tena andika saa. Baada ya saa nane unabaki peke yako, na mtu mmoja hawezi kukoroga posho (ugali) huku anawatazama watoto sita. Mapishi yote ya moto yaishe dada akiwa bado yupo. Chakula cha jioni kipikwe wazazi wakishawachukua watoto.

fundi_majiko
Nitasema ya sigiri na gesi.

Sigiri iko chini, usawa wa mtoto anayetambaa. Wengine huipandisha juu ya matofali, lakini mimi siungi mkono: sufuria inakuwa usawa wa uso wa mtoto wa miaka mitatu, na matofali yasiyojengwa kwa saruji huteleza. Afadhali iwe chini, ndani ya kizuizi. Tengeneza mlango nusu wa mbao wa kufunga veranda, kimo cha mita moja. Mbao zake zisimame wima, nafasi kati yake zisizidi sentimita 6 ili kichwa kisipite. Usipigilie mbao za kulala upande wa watoto, watazifanya ngazi. Komeo liwe upande wako, juu.

Jivu ndilo linalosahaulika. Makaa chini ya jivu hubaki na moto kwa saa nyingi baada ya wewe kumaliza kupika, na mtoto akikanyaga rundo uani anaungua nyayo zote mbili. Limwagie maji ndani ya sigiri ukiwa umesimama mbali kidogo, maana mvuke unaruka, ukoroge, umwagie tena, ndipo ulitupe.

Gesi: huo mtungi wa jiko juu huanguka kwa urahisi ukisukumwa. Uweke kwenye kona ya kuta mbili, sakafu iliyo sawa, nje ya njia ya watoto. Kila ukibadilisha mtungi, angalia mpira mdogo kati ya vali na jiko; ukiwa umepasuka au umekauka, usiwashe. Paka povu la sabuni kwenye kiungo, fungua vali: mapovu yakikua, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, palepale watoto wanapokaa. Ukisikia harufu yake ndani, funga vali, fungua milango, usiguse swichi ya umeme, toa watoto nje. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, zima gesi, funika kwa mfuniko, uache hivyo hadi kipoe. Ukimwaga maji, moto utaruka.

nesi_mbale
Nyabo, weka jerikeni moja la lita 20 lililojaa maji safi, lenye kifuniko, lisiguswe kwa kazi nyingine. Hilo ni la kuungua. Ukimimina lita moja kwa dakika juu ya kidonda, linatosha dakika 20, na dakika 20 ndizo zinazotakiwa. Vua nguo iliyolowa uji au chai, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi. Usipake dawa ya meno, siagi wala yai, wala usiweke barafu. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipate baridi. Kidonda kikizidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au kikiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, ni hospitali mara moja. Uji mzito uogopeni kuliko maji, kwani unanata na kuendelea kuunguza.

Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe: yakirudi juu yanaingia mapafuni, na huko ndiko yanakodhuru zaidi. Mpeleke hospitali pamoja na chupa. Magadi ya kutengenezea sabuni ni vivyo hivyo, hakuna kutapisha.

Maji ya beseni pia ni mstari wa tathmini. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye kina cha sentimita chache. Ukimaliza kuosha vyombo, mwaga na lipindue.

Karanga nzima usiwape walio chini ya miaka mitano; zisage ziwe mchuzi. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja. Wa miezi tisa akipaliwa na hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi mkononi, kichwa kikiwa chini, mpige makofi matano mgongoni, kisha mgeuze ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, urudie. Kubonyeza tumbo ni kwa aliyezidi mwaka.

mlezi_kireka
Asanteni sana. Nimeanza, nina mistari 14 tayari. Mvua ikinyesha veranda inalowa. Naweza kuiingiza sigiri ndani ikishashika moto vizuri, moshi ukiwa umekwisha?

fundi_majiko
Hapana, dada. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watoto hupumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo inawaathiri mapema. Utaona usingizi na kutapika, udhani ni malaria. Ongeza bati la kufunika veranda, pande ziachwe wazi. Hadi lipatikane, siku ya mvua tumia gesi, madirisha yakiwa wazi. Hilo nalo liandike: "Mvua: sigiri haiingii ndani."