Unanipigaje maji ya baridi sikioni hata kuchungulia hujachungulia??

Wakuu mtanisamehe nikiandika hovyo, wiki imepita lakini hasira ziko palepale.

Nilitoka kuoga sikio la kulia likaziba, nikiongea najisikia kama niko ndani ya pipa. Nikachukua kijiti cha pamba nikachokonoa, ndo nikamaliza kazi, maana ile nta (uchafu wa sikio) inatengenezwa huku karibu na nje tu, sisi na vijiti vyetu ndo tunaishindilia mpaka kwenye ngoma, ule utando wa ndani ya sikio, na nta ikilowa maji inavimba. Hilo kosa langu, sibishi.

Kesho yake nikaenda kliniki moja. Jamaa hajauliza kama ngoma iliwahi kutoboka, hajauliza kama linauma au linatoa usaha, kile kitochi cha kuangalia masikio kinaning'inia ukutani hajakigusa. Kavuta maji ya bombani kwenye bomba la sindano, "inamisha kichwa", pwaaa! Aisee chumba kikazunguka, nimeng'ang'ania ukingo wa kitanda kwa mikono miwili nikatapika kwenye ndoo, yeye anacheka eti mtu mzima unaogopa maji.

Naogopa maji?? Daktari wa pili ndo kanieleza, maji yanatakiwa yawe na joto la mwili, nyuzi 37 hivi, yakiwa baridi yanavuruga sehemu ya ndani ya sikio inayotunza mizani ya mwili ndo maana kizunguzungu. Na ngoma ikiwa imetoboka hupigi maji kabisa. Huyu alichungulia kwanza (sekunde kadhaa tu jamani!), akaona ngoma nzima, nta imekauka ngumu, akanipa matone ya kulainisha nikaweka siku 4, nalala ubavu dakika chache basi. Siku ya 5 likazibuka lenyewe, donge la kahawia kama punje ya maharage, nikasikia mpaka saa ya ukutani.

Kumbe sikio linajisafisha, ngozi ya mle ndani inasogea taratibu kuja nje na nta yake, kutafuna kunasaidia. Kinachofika mlangoni unafuta na kitambaa.

Na asije mtu hapa na mishumaa ya masikio, ile ya kuchomeka sikioni na kuwasha eti ivute uchafu, haivuti chochote, ule uchafu mnaoonyeshwa ni masalia ya mshumaa wenyewe, na watu wanaungua.

Sasa nyie mnaosafisha watu masikio, nijibuni: kile kitochi mmekitundika ukutani cha nini?