Naomba ushauri: steji yetu tuache kujaza gari, tuanze mabasi ya ratiba?

Katibu_Gayaza
Habari za jioni wakubwa, na shikamooni kwa wanaostahili. Niko Kampala, upande wa barabara ya Gayaza. Ni katibu wa chama cha akiba cha wenye matatu. Hapa Uganda tunaziita teksi, msichanganye na ile ya kukodi mtu mmoja. Tuko na magari 38, yote HiAce za abiria 14.

Shida mnaijua. Gari linakaa stejini Kasangati mpaka lijae. Likishajaa linapita Mpererwe mlango umefungwa, na watu wa Mpererwe wamesimama pale tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mchana ni kinyume: gari linasubiri saa nzima, yule aliyepanda wa kwanza anachoka, anashuka, anachukua boda. Mvua ikinyesha nauli inapanda, na matusi tunayapata sisi.

Nataka kuwaambia wanachama tuweke nguvu pamoja, tuendeshe kosta, yale mabasi madogo, kwa ratiba. Saa ikifika gari linaondoka hata kama lina watu watano. Pesa iingie kapu moja, dereva na konda walipwe mshahara. Mkutano ni Jumapili. Nianze kueleza wapi, na kila baada ya dakika ngapi inafaa? Usingizi umenikimbia wiki hii.

Mtu_wa_Kimara
Ndugu, mimi niko Dar. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 nilikuwa nakaa Kimara, na kilichobadilisha maisha yangu si ukubwa wa basi. Ni njia. Kilomita 20.9 za awamu ya kwanza, basi lina barabara yake katikati na magari mengine yanabaki pembeni. Nyinyi mtaweka kosta kwenye foleni moja na malori ya matofali, halafu mseme ratiba? HiAce angalau inajua vichochoro. Pelekeni kwanza barua kwa wakubwa wa jiji mdai njia ya mabasi.

Katibu_Gayaza
Asante kaka. Barabara ya Gayaza haina nafasi hiyo, maduka yamefika ukingoni. Mimi nauliza kinachowezekana kwa watu wa steji.

Bibi_wa_Bombo
Mwanangu, pole kwa kukosa usingizi. Mimi nilikuwa nauza vitambaa Kisenyi, hapa Kampala, mabasi makubwa ya kampuni ya Pioneer yalipoanza Machi 2012. Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa na kiti changu cha dirishani, nafika nyumbani miguu haijavimba. Mwisho wa 2013 yakazuiwa kwa deni la kodi, nikarudi kubanana na kuku kwenye teksi. Kuna dada yangu mmoja mpaka leo akinipigia simu ananiuliza, "Mabasi yako yamerudi?" Basi nakuuliza wewe: kodi na bima za hizo kosta nani atalipa, na pesa ya kununulia inatoka wapi?

Konda_Mstaafu
Nilikuwa konda miaka 11, kutoka Old Park, stendi ya teksi ya mjini, mpaka Kawempe. Nitasema ukweli. Kinachofanya gari lisubiri kujaa ni hesabu. Tajiri anataka pesa yake jioni, hajali kama ulibeba watu au upepo. Nikiondoka na watu watano, mafuta ni yangu na hasara ni yangu. Ukimlipa dereva mshahara ataondoka kwa saa, lakini hatakimbizana na abiria tena, na nusu ya nauli itapotea mkononi mwa konda. Nasema hivyo kwa sababu ninajua. Vijana wa siku hizi hawana uaminifu, wanataka simu kubwa.

Fundi_Bwaise
Kosta nazifahamu, gia zake zinasumbua kwenye mlima. Mnanunua mpya au iliyotumika Japani?

Mhesabu_Ntinda
Katibu, Bibi amekuuliza pesa inatoka wapi, umemruka. Nami nauliza: mabasi mangapi?

Katibu_Gayaza
Tutaanza na machache. Suala langu lilikuwa ratiba.

Mhesabu_Ntinda
Ratiba haipo bila idadi ya magari. Ni mangapi?

Katibu_Gayaza
Mawili.

Mhesabu_Ntinda
Sawa. Sasa nipe muda halisi. Asubuhi kutoka Kasangati mpaka mjini ni muda gani, kurudi muda gani?

Katibu_Gayaza
Kwenda saa moja na dakika 20 siku mbaya, kwa ajili ya foleni ya Kalerwe. Kurudi kama dakika 50. Na kugeuza, kushusha, kupumzika, weka dakika 20.

Mhesabu_Ntinda
Jumla dakika 150. Gawa kwa magari mawili: basi moja kila dakika 75. Mama wa Mpererwe akilikosa la saa kumi na mbili, linalofuata ni saa moja na robo. Huyo amekwisha chelewa kazini na hatakungoja tena maisha yake. Ukitaka kila dakika 15, gawa 150 kwa 15, unahitaji magari kumi barabarani, na la akiba moja au mawili kwa siku ya gereji. Hesabu hii haina siasa. Mabasi mawili hayawezi kuwa na ratiba kwenye njia hii.

Katibu_Gayaza
Lakini tunaweza kuyageuzia Kalerwe, yasiingie mjini. Hapo mzunguko unakuwa mfupi, labda dakika 80.

Konda_Mstaafu
Halafu abiria ashuke Kalerwe sokoni, kwenye tope, alipe nauli ya pili mpaka Old Park? Ssebo, bwana wangu, watu watakurushia nyanya.

Mhesabu_Ntinda
Konda yuko sahihi. Mtu hapendi kubadilisha gari bila sababu, na hapendi kabisa kulipa mara mbili. Mbona unayatetea haya mawili kama watoto wako? Yameshanunuliwa?

Katibu_Gayaza
Nimeweka malipo ya awali. Milioni 45 za Uganda. Zimetoka kwenye akiba ya chama. Tunaojua ni mimi na mweka hazina.

Kabla hamjanipiga mawe, nisikilizeni. Muuzaji alisema kuna mteja mwingine amekuja kuzitazama. Katiba yetu inaruhusu watu wawili kusaini pesa ya dharura. Na wanachama kila mkutano wanasema "tutaona, tutaona", mwaka wa tatu sasa, huku vijana wa boda wanatumalizia abiria. Niliona wakizikuta kosta zimesimama stejini Jumapili, watakubali. Sikula hata shilingi. Risiti ninayo.

Bibi_wa_Bombo
Mwanangu, kumbe huo ndio usingizi uliokukimbia.

Mtumishi_wa_Neno
Mali ya wengi ni moto kifuani. Ungama leo kabla hawajakuumbua kesho.

Mtu_wa_Kimara
Nami nirudie, bila njia yenu wenyewe hata mabasi kumi yatakwama.

Jicho_Kavu
Naomba nisimamishe huu uzi. Kuna mambo hayanikai. Moja, mwenye teksi wa Kasangati anaandika Kiswahili hivi? Watu wa huko wanaongea Luganda. Pili, anataja kosta, kosta, kosta, na mwishoni tutaambiwa muuzaji ana nyingine tatu na namba ya simu ni hii. Tatu, nilimuuliza pembeni wako na magari mangapi, akanijibu 41. Hapa alisema 38. Huyu ni dalali wa magari.

Fundi_Bwaise
Ndiyo maana hakunijibu kama ni mpya!

Dada_Arua
Jicho Kavu, taratibu. Kampala ina watu wengi wa Kiswahili. Sisi wa West Nile, Wanubi wa Bombo, Wakongomani, watoto wa kambi za jeshi na polisi. Mimi naishi Bwaise na sokoni naongea Kiswahili kila siku. Tena lugha hii serikali imeikubali rasmi, mtu akiiandika vizuri asiulizwe kitambulisho. Hiyo 38 na 41 ajibu mwenyewe.

Katibu_Gayaza
Baba yangu alikuwa mwanajeshi, nimezaliwa kambini, nyumbani tuliongea Kiswahili kabla ya kingine chochote. Magari ni 41 kwenye daftari, matatu yako gereji tangu mwezi uliopita, yanayotembea ni 38. Fundi, ni za kutumika. Muuzaji simtaji na sitamtaja. Ningekuwa dalali ningeandika kwamba nimeiba?

Jicho_Kavu
Haya. Neno hilo la mwisho nimelisikia. Naondoa la dalali.

Mhesabu_Ntinda
Hukusema uliiba, ulisema hukula. Lakini umetumia bila kuulizwa wenyewe, na kosta zikisimama stejini Jumapili utakuwa umewapiga chenga.

Nikuulize lile ambalo ulipaswa kuanza nalo. Ulitaka mtu wa Mpererwe apate kiti. Hilo linahitaji kosta? Una HiAce 38. Chukua kumi, ziwe za kapu moja kwa mwezi mmoja. Asubuhi kila gari la tatu litoke Kasangati tupu, lianze kupakia Mpererwe. Mchana ziondoke kila dakika 15, zimejaa hazijajaa. Wenye magari kumi wagawane sawa jioni, na kila gari liandike abiria waliopanda na walipopandia. Mwezi ukiisha una daftari, na wanachama wataamua kuhusu basi wakiwa na namba mkononi.

Konda_Mstaafu
Hiyo ya gari tupu kuanzia njiani tuliwahi kuifanya sikukuu ya Idi, tukabeba watu mpaka tukashangaa. Tuliacha kwa sababu aliyetoka tupu alikuwa analia hesabu. Kama kapu ni moja, hakuna wa kulia. Sikuwahi kuliwaza hivyo.

Katibu_Gayaza
Na milioni 45?

Mhesabu_Ntinda
Soma karatasi uliyosaini. Tazama kama inasema lini unaweza kurudishiwa na wanakata kiasi gani. Hilo halisubiri Jumapili.

Bibi_wa_Bombo
Na mwenyekiti ajue usiku huu, kutoka kinywani mwako. Asiambiwe na mweka hazina.

Katibu_Gayaza
Karatasi inasema siku 14, leo ni ya tisa. Wanakata sehemu ya kumi. Nilikuwa sijaisoma upande wa nyuma.

Nimempigia mwenyekiti. Alinyamaza sana, nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza risiti iko kwa nani, nikamwambia iko kwangu. Amesema niilete sasa hivi, na nimpitie mweka hazina njiani. Mvua inanyesha, nauli ya boda imepanda. Natoka.