Matapeli wa mlangoni wamemfikia mama yangu, naomba ushauri

BintiMpendae
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nakuombeni ushauri, moyo wangu umeingia dhiki.

Mama yangu amepindukia miaka 70. Mchana anabaki peke yake nyumbani Mpendae, hapa Zanzibar, mimi na mume wangu tuko kazini na watoto wako skuli. Ijumaa iliyopita, wanaume wote wa mtaani wako msikitini, vijana wawili walipiga hodi. Wamevaa fulana za mafundi, mmoja kashika daftari. Wakasema ni watu wa maji, kuna bomba limepasuka njiani, wanataka kuangalia kama presha inafika ndani. Mmoja akamwomba mama afungue bomba la jikoni, asimame hapohapo, amwite maji yakibadilika rangi. Mama akasimama, mkono juu ya bomba, macho kwenye maji. Wakati wa kuondoka walimshukuru na wakamwombea dua.

Magharibi alipokwenda kuweka vipuli vyake, kibweta kiko palepale kabatini, kimefunikwa vizuri, ndani hamna kitu. Bangili zimekwenda, na mkufu aliopewa na marehemu baba.

Polisi tumesharipoti. Kinachoniumiza zaidi, mama anajilaumu usiku kucha. Na nikimwambia asifungue mlango, ananijibu mgeni harudishwi, watu watasema hana adabu. Sitaki aishi kwa khofu, wala sitaki kumfungia ndani. Nifanyeje?

FundiWaMabomba
Pole sana dada, na mpe pole mama. Kazi yangu ni hii ya mabomba, kwa hiyo nikwambie kitu. Anayekagua njia ya maji shughuli yake iko nje: mita, valvu, na pale bomba linapoingia kiwanjani. Presha unaiona hata kwenye bomba la uwani. Mtu akikwambia simama hapa ushike hiki, mwenzangu anaangalia kule, ujue anakutafutia pa kukuweka. Na maji yakimwagika kwa nguvu kwenye karo, mlango wa kabati chumbani husikii.

Umeme nao vilevile. Mita za tukuza unalipia kabla hujatumia, basi huyo anayedai noti mkononi kizingitini anadai za nini? Mama aseme tu: "Ngoja nje, nampigia mwanangu." Fundi wa kweli atangoja. Namba ya idara muitafute wenyewe mapema, msipige ile anayokupeni yeye.

Mpemba_wa_Wete
Hilo la adabu mjibu mama kwa dini, ndiyo lugha atakayoikubali. Surat An-Nur, aya ya 27 na 28, inakataza kuingia nyumba ya mtu bila ya idhini, na mwenye nyumba akisema rudini, mgeni arudi, na kurudi huko ndiko kutakasika zaidi kwake. Mtume (s.a.w.) katufundisha hodi tatu, usipopewa ruhusa unaondoka. Mwenye kumrudisha mtu mlangoni hajavunja adabu yoyote, haki hiyo kapewa na Mola wake. Anayekasirika kwa kurudishwa ndiye wa kutiliwa shaka. Mkalie mama taratibu, msomee, usimkaripie.

BiUwani
Mwanangu, watu wanahangaika na mlango wa mbele na kusahau wa uwani. Mtaani kwetu alikuja mwanamke na buibui lake, analia, anaulizia nyumba yenye msiba. Bibi wa watu akatoka barazani kumwelekeza, akamshika na mkono kumliwaza. Kumbe mwenzake kashapita uwani, kaondoka na simu na mkoba. Toka siku hiyo, sisi ukisikia hodi mbele, kwanza unatia komeo nyuma, ndipo unaitika. Mfundishe mama mpango huo mpaka mkono wake uzoee.

Na wako wanaoomba maji ya kunywa. Maji hayanyimwi, lakini grili ibaki imefungwa wakati yuko jikoni, bilauri inapita kwenye nondo.

Kijana_Jangombe
Weka kamera dada, siku hizi bei zimeshuka.

BiUwani
Kamera iwekwe, sikatai, lakini itakuonesha mwizi akiwa keshaondoka. Jirani wa mlango wa pili ndiye atakayeuliza "nyinyi kina nani?" wakati bado wapo. Mama asikae bila ya mtu wa kumwita kwa sauti.

MsaidiziShehia
Nyongeza kuhusu wazee. Pensheni jamii ilipoanza mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, kila mtu alijua mama na baba zetu wanapokea fedha. Kwa hiyo akija mtu na fomu, eti pensheni imeongezwa, anataka kuona kitambulisho na fedha za mwezi uliopita, asioneshwe chochote. Hakuna uandikishaji unaotaka noti zako zihesabiwe. Mpigieni sheha, kiongozi wa shehia yenu, palepale, mgeni akiwa bado nje ya mlango. Mkimshuku mtu msimpige, pigeni simu polisi 112 au nendeni kituo cha karibu. Tumeona watu wasio na hatia wakiumizwa kwa kelele za mwizi.

UmmuSalma
Kuhusu dhahabu: kama kuna picha za harusi ambazo mama amevaa bangili zile, wapelekeeni polisi na muwaoneshe masonara wa mjini leo, siyo kesho. Wevi hawakai na mali, na ikishayeyushwa haina alama tena. Siku za mbele visikae vyote kwenye kibweta kimoja chumbani, ndipo pa kwanza wanapokwenda.

Na hilo la kujilaumu, mwambie hao ndiyo kazi yao wanayoamkia. Hata mimi kijana ningeshika bomba.

BintiMpendae
Allah akulipeni kheri nyote. Nimempigia mama, nimemsomea aya ile, kanyamaza kidogo kisha kaniuliza kama komeo la uwani linaweza kushushwa chini, maana lilipo sasa halifikii vizuri. Fundi anakuja kesho. Picha ya harusi ya dada yangu imepatikana, bangili zinaonekana wazi, mume wangu yuko njiani kwenda Darajani nayo sasa hivi. Kama kuna anayemjua sonara mwaminifu huko, aniandikie faraghani.