Wakuu, msaada: mkono ukigeuka, "laterali" inabaki wapi?

Nesi_Mtarajiwa: Wakuu, habari za usiku. Niko mwaka wa kwanza diploma ya uuguzi, wiki ijayo tuna pepa ya anatomia. Kinachonichanganya ni mkono. Nikiweka viganja juu ya meza, dole gumba linaelekea ndani. Mwalimu anasema ni laterali, yaani upande wa nje. Inakuwaje? Na mgonjwa akilala chali, kifua si ndiyo kinakuwa supiria?

Zamu_ya_Usiku: Mdogo wangu, hebu simama. Wima, uso mbele, vidole vya miguu mbele, mikono ubavuni, kisha geuza viganja vitazame mbele. Dole gumba limekwenda wapi? Huo ndio mkao wa kianatomia, na maelezo yote yanatolewa kana kwamba mwili uko hivyo, hata mgonjwa akiwa kifudifudi. Aliyelala chali, kifua chake ni anteria, yaani upande wa mbele, vilevile. Supiria ni kuelekea kichwani.

Mzee_wa_Eksirei: Na viganja kutazama mbele kuna sababu. Hapo mifupa ya kigasha, radiasi na alna, inalala sambamba: radiasi upande wa dole gumba, alna upande wa kidole cha mwisho. Geuza kiganja kitazame nyuma, radiasi inaikatiza alna. Shika kigasha chako ukigeuze, utaisikia ikizunguka.

Halafu kulia na kushoto ni vya mgonjwa, siyo vyako. Picha ya kifua tunaisoma kama mgonjwa anatutazama, ndiyo maana ncha ya moyo unaiona kuliani kwako wakati iko kushoto kwake.

Nesi_Mtarajiwa: Asanteni sana. Proksimali na distali ndiyo juu na chini?

Zamu_ya_Usiku: Hapana. Hayo hasa ni ya mikono na miguu, unapima kutoka kiungo kinapoungana na kiwiliwili: proksimali ni karibu na hapo, distali ni mbali. Kiwiko ni proksimali kuliko kifundo cha mkono, hata ukinyoosha mkono juu. Wodini utaambiwa kutafuta mshipa uanze distali, ukikosa ndiyo upande. Ukiharibu juu kisha ukachoma chini yake, dripu inaweza kuvujia pale ulipotoboa mwanzo.

Mzee_wa_Eksirei: Tukupime. Pua kwa masikio?

Nesi_Mtarajiwa: Mediali, yaani karibu zaidi na mstari wa katikati.

Mzee_wa_Eksirei: Kitovu kwa chuchu?

Nesi_Mtarajiwa: Infiria, kuelekea miguuni... na mediali pia.

Mzee_wa_Eksirei: Kalale sasa.