Bwawa la kuogelea nyumbani, Loresho, Nairobi: nikodishe kwa saa, kwa mwalimu, kwa sherehe, au nipangishe na SQ (kile kijumba cha mfanyakazi uani)?

MamaPendo

Habari zenu wadau. Watoto wameshatoka nyumbani, na bwawa nyuma ya nyumba halina wa kuliogelea isipokuwa majani ya mjakaranda. Kila mwezi nalipia stima ya pampu, klorini na kijana wa kusafisha. Nataka lijilipie, na likibakisha kitu tutashukuru.

Lilivyo: mita 10 kwa 5, upande mmoja kina mita 1, upande wa pili mita 2. Pampu ni ya nguvu ya farasi moja. Halipashwi joto. Choo na bafu la nje vipo, geti la pembeni lipo, magari manne yanaingia bila kuziba barabara. Maji ya jiji tunapata kwa zamu kama mitaa mingine. Tenki lipo, kisima hatuna.

Nimewaza njia nne: familia kwa saa, mwalimu wa kuogelea kwa siku maalum, sherehe, au kukarabati SQ nipangishe wageni wa siku chache na bwawa liwe chambo. Aliyejaribu aniambie ukweli, hata kama ni mchungu.

FundiKaranja

Mama Pendo, kabla hujachagua mteja piga hesabu ya maji. Mita 10 mara 5 mara wastani wa kina mita 1.5 ni lita 75,000. Hayo ni maboza saba na nusu ya lita 10,000, siku ukilazimika kumwaga yote. Kwa hiyo mimi ningeuliza kwanza: mteja yupi atanilazimisha kumwaga?

Wanafunzi wa kuogelea huoga kabla ya kuingia na huvaa kofia, kwa sababu mwalimu yuko pale anawaangalia. Watu wa sherehe huingia na mafuta ya mwili, soda, keki na yale mapambo yanayometameta. Kuna Jumatatu nilifungua kikapu cha pampu nikatoa rundo la nywele za kusuka, vipande vya puto na kijiko cha plastiki. Filta ya mchanga ikijaa uchafu huo unageuza vali na kuiosha kwa kurudisha maji nyuma, na kila ukifanya hivyo lita mia kadhaa zinaenda mtaroni. Mtaa wa maji ya zamu, hiyo ni pesa inayotiririka ukiiona.

Stima nayo: pampu ikisukuma lita 10,000 kwa saa, maji yote yanapita kwenye filta mara moja kwa saa saba na nusu. Farasi moja ni kama kilowati 0.75, kwa hiyo sema uniti sita kwa siku. Hapo bwawa limetulia. Siku ya watu wengi ongeza saa.

Klorini ikae kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Wageni wakilalamika kwamba macho yanawasha na maji yananuka, watakuambia klorini imezidi. Mara nyingi ni kinyume chake: imeungana na jasho na mkojo, haifanyi kazi tena, na ndiyo inayonuka. Usiipunguze.

Halafu mwambie kijana wako asichanganye klorini za unga za aina mbili kwenye ndoo moja. Zinaweza kulipuka. Wala asimwage maji juu ya unga. Maji yatangulie, unga ufuate.

Wambo_SouthB

Fundi anakutisha bure. Sherehe ndiyo pesa. Bwawa letu ni dogo kuliko lako, na Jumamosi moja ya bathdei inaleta kuliko wiki nzima ya watoto wanaolipa kwa kichwa.

Ila lazima uwe mkali. Tarehe haishikwi mpaka nusu ya malipo iingie M-Pesa. Amana ya uharibifu inarudi Jumatatu nikishakagua. Hakuna chupa ya kioo karibu na maji. Saa kumi na mbili jioni watu wanavaa nguo. Idadi inaandikwa, maana mtu atakuambia "tuko kumi na tano tu", halafu gari la tatu linashusha mabinamu.

Mwokoaji ninamlipa mimi na gharama yake iko ndani ya bei. Ukimwachia mteja aamue kama anamtaka, atamkata ili aongeze mbuzi.

JiraniWaUkuta

Mimi naandika nikiwa upande wa pili wa ukuta. Kelele za watoto mchana sina shida nazo kabisa. Shida ni DJ. Kanuni za kelele za 2009, zile zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinaruhusu desibeli 50 nje kwenye makazi mchana na 35 usiku. Usiku kwenye kanuni hizo unaanza baada ya saa mbili, si saa sita kama watu wanavyopenda kuamini. Spika moja kubwa inavuka hapo bila jasho.

Jirani yetu tulimwandikia barua ya heshima, akasema kwake ni kwake. Chama cha wakazi kikaanza kuzuia magari ya wageni wake kwenye kizuizi cha barabara, na biashara ikaishia hapo. Mama Pendo, ukitaka sherehe, wapitie majirani kwanza, na uwape namba yako ya simu.

Wambo_SouthB

Jirani, kwangu hakuna DJ. Spika ndogo tu.

JiraniWaUkuta

Hata wa kwetu alianza na spika ndogo tu.

KochaMajini

Mimi ni mwalimu wa kuogelea na mabwawa kama la Mama Pendo nayatafuta kila mwaka, kwa hiyo mnisome mkijua navutia kwangu.

Mahitaji yapo. Vilabu vikubwa vinataka uwe mwanachama. Bwawa la Kasarani ni la kiwango cha Olimpiki, zuri kwa waogeleaji, lakini mtoto wa miaka mitano anayeogopa maji huwezi kumwanzia pale. Mzazi anataka sehemu tulivu, maji yanayomfika mtoto kifuani, na kiti cha kukaa akimwona. Upande wako wa mita 1 ndio mali yako, Mama Pendo. Ule wa mita 2 hautakulipa sana. Kwa wadogo kabisa hata mita 1 ni nyingi, lakini tunaweka jukwaa la plastiki chini ya maji wakasimama.

Malipo yana mitindo mitatu. Kuna wanaotaka asilimia ya ada ya kila mtoto, na huo huleta ugomvi, kwa sababu mwenye bwawa anaanza kuhesabu vichwa dirishani. Kuna kodi ya mwezi isiyobadilika, ambayo mwalimu anaikimbia mwezi wa baridi. Unaodumu ni bei ya kipindi, pamoja na idadi ya chini ya vipindi inayolipwa kila mwezi hata watoto wasipokuja. Ukiniuliza, shikilia huo.

Sasa baridi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti maji yasiyopashwa joto yanamfanya mtoto atetemeke kabla somo halijafika nusu. Likizo ya Agosti, ambayo ingekuwa mavuno, inapotea. Wenye akili huweka mabomba meusi juu ya paa, pampu inapitisha maji huko jua likiwaka, na usiku bwawa linafunikwa. Kifuniko peke yake kinasaidia kushika joto na pia kinapunguza maji yanayopotea hewani. Ningeanza nacho kabla ya mabomba.

Mkazi_Ngara

Ndugu yangu yuko Texas, anasema huko kuna programu ya simu inaitwa Swimply. Ilianza 2018, wenye nyumba wanakodisha mabwawa kwa saa, kampuni inakata kamisheni na inakuja na bima yake. Huku mbona tusiige?

WakiliWaMtaa

Unaweza kuiga bei kwa saa, lakini bima haiji na wazo. Swimply wako Marekani, Kanada na Australia. Hapa, mtu akiumia, unabaki wewe na mkataba wako wa bima ya nyumba, ambayo kwa kawaida haigusi biashara. Usome kabla ya mteja wa kwanza, na uombe dhima kwa wageni wanaolipa iandikwe wazi. Usikubali wakala akujibu kwa mdomo.

Kuna Sheria ya Dhima ya Wakaaji, Sura ya 34. Mwenye mahali ana wajibu wa kuhakikisha mgeni yuko salama kwa kiasi kinachofaa, na sheria yenyewe inasema mkaaji atarajie watoto kuwa waangalifu kidogo kuliko watu wazima. Lile bango la "Unaogelea kwa hatari yako" halikuokoi peke yake. Litapimwa kama lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Mtoto wa miaka mitatu hasomi bango. Uzio wenye geti linalojifunga lenyewe una uzito zaidi mbele ya hakimu kuliko maandishi mekundu yoyote.

Mengine kwa kifupi. Ukifanya biashara ya kudumu kwenye kiwanja cha makazi, nenda kaunti uulize kuhusu leseni na kuhusu kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mipango ya 2019. Ukikodisha kwa sherehe zenye muziki, kuna na leseni za muziki. Kodi: ile ya asilimia 7.5 ya pango ni ya nyumba za kuishi, kwa hiyo usiiweke kwenye bwawa. Mauzo yakivuka milioni moja kwa mwaka, muulize mhasibu kuhusu ile ya asilimia 3.

Njeri_wa_Saa

Wa kukodisha kwa saa ni mimi. Familia moja kwa wakati mmoja, saa mbili angalau, watu wasiozidi wanane. Sichanganyi familia. Wateja wangu wakubwa ni kina mama wanaotaka kuogelea bila kutazamwa. Wanauliza swali moja kabla ya bei: kuna mwanamume kwenye kiwanja? Basi askari anakaa getini, kijana wa bustani anapewa mapumziko, na madirisha ya ghorofa ya pili tumeyawekea pazia. Wakiridhika wanarudi na dada zao.

Ila Jumatano mchana ni mimi na ndege tu. Na kila familia ni simu, maelekezo ya njia, "tumechelewa, tuongeze nusu saa?" Mtu mwenye kazi nyingine asijaribu hii. Mvua ya Aprili nayo ikianza, wanafuta asubuhi ya siku yenyewe. Siku hizi sirudishi pesa, nahamisha tarehe.

ShangaziKilimani

Nazungumzia SQ na wageni wa siku chache. Picha ya bwawa ndiyo inayouza chumba, hilo halina ubishi. Nusu ya wageni hata hawaingii majini, wanapiga picha wakiwa na juisi. Lakini Mama Pendo, wewe utakuwa umelala. Mgeni atatoka klabu saa nane usiku, atavua viatu, na hakuna mtu wa kumwangalia. Kwangu bwawa linafungwa kwa kufuli saa moja jioni na limeandikwa hivyo kwenye tangazo. Nimewahi kupewa nyota tatu kwa ajili ya kufuli. Nazichukua kwa furaha.

Pia mamlaka ya utalii, TRA, inataka nyumba hizi zisajiliwe. Usifungue kabla hujamaliza hilo. Ukarabati wa SQ nao utameza pesa za kwanza. Hii ni biashara ya vyumba yenye bwawa pembeni, usiihesabu kama biashara ya bwawa.

Kip_Rongai

Na wapiga picha? Video za muziki na matangazo?

Wambo_SouthB

Wanalipa vizuri na hawaogelei. Wanakuja mara moja moja, hata hivyo, na wanataka usogeze gari, mbwa na kamba ya nguo. Chukua wakija, usiwapangie bajeti. Vibali vya kurekodi ni vyao, uone karatasi kabla hawajashusha taa.

MamaPendo

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Sherehe nimeziondoa. Wambo, nakuamini, lakini jirani yangu wa kushoto ni mzee wa miaka themanini na nampenda kuliko hizo pesa. SQ isubiri.

Nafikiria mwalimu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi, kisha Jumapili mchana familia moja kwa mtindo wa Njeri. Kocha, maswali mawili. Klorini na boza la kujazia ni la nani? Na mzazi akija na mtoto wa pili asiyejifunza, anaruhusiwa kuchezea upande wa mita 2 huku wewe ukifundisha upande wa pili?

KochaMajini

Mama, klorini na maji ni yako, na uyaweke ndani ya bei ya kipindi. Ukiniachia mimi ninunue, nitabana, na wewe ndiye utakayebaki na maji ya kijani. Kipimo tunafanya pamoja kabla ya kila kipindi na tunaandika kwenye daftari, tarehe na namba. Mtoto akiugua tumbo nyumbani kwake, daftari hilo litatusaidia sote wawili.

La pili: hapana. Wakati wa somo hakuna mtu mwingine majini, hata mtoto wako mwenyewe. Jicho langu ni moja na nina wanafunzi wanane. Anayesubiri anakaa na mzazi nje ya uzio. Uzio unao?

MamaPendo

Kuna ua wa maua tu.

WakiliWaMtaa

Ua wa maua si uzio, Mama Pendo. Mtoto wa miaka miwili anapita chini yake. Fundi wa chuma kwanza, mkataba na Kocha baadaye. Na kwenye mkataba huo aandike kwamba ana bima yake ya kazi, nakala uishike wewe.

FundiKaranja

Fundi wa chuma akiwa hapo, umwite na wa bwawa akague kifuniko cha shimo la kunyonya maji chini kabisa, upande wa mita 2. Kama ni bwawa la miaka ya tisini kuna uwezekano ni kile bapa, cha shimo moja. Kile kinaweza kushika nywele au mgongo wa mtoto pampu ikiwa inafanya kazi, na huwezi kumng'oa kwa mikono. Kinabadilishwa na kile kilichobenuka, ikiwezekana yawe mashimo mawili yaliyotengana. Na swichi ya pampu iwe mahali Kocha anapofikia kwa hatua chache, isiwe stoo iliyofungwa na funguo ziko kwa askari.