Ukuta mmoja, madoa meusi juu na unga mweupe chini: tatizo ni moja au mawili?

Pembe_ya_Dari ameuliza:

Wakuu, habari. Naomba ushauri kabla fundi hajaanza kazi.

Ni chumba cha kulala, ukuta wa nje wa matofali ya saruji, lipu ya saruji na rangi ya maji. Juu, kwenye pembe inayokutana na dari, kuna vidoa vyeusi vidogo vidogo vilivyotawanyika. Vingine kama hivyo viko nyuma ya kabati la nguo, ambalo limeegemea ukuta huo huo. Chini, kuanzia sakafuni hadi kama sentimita 60, rangi imevimba na inabanduka, na ukikwangua unatoka unga mweupe. Katikati ya ukuta ni pasafi kabisa. Chumba kina harufu ya uvundo, zaidi asubuhi.

Fundi anataka kufuta kwa jiki, kukwangua chini, kisha kupaka rangi ya kuzuia maji ukuta mzima kwa ndani. Anayelala humo ni mtoto mwenye pumu. Je, hilo ni tatizo moja? Rangi hiyo itafaa? Na kuna haja ya kupeleka sampuli maabara kujua kama ni ule ukungu mweusi wa sumu?

---

Mkaguzi_Nyumba amejibu:

Ni mawili, mkuu, na hapo katikati palipo safi ndipo panaposema. Unyevu unaotoka ardhini haurukii sehemu ya kati ukaibukia kwenye dari. Juu na chini pana maji ya vyanzo tofauti, na kila chanzo kina dawa yake.

Tuanze juu. Vidoa vyeusi kwenye pembe na nyuma ya kabati ni ukungu wa mvuke wa ndani. Pumzi za watu, mapishi, kuoga, nguo zinazoanikwa ndani (fua moja inaweza kuacha lita 2 hivi hewani), vyote hivyo hugeuka mvuke unaotafuta mahali pa baridi. Pembe ya ukuta wa nje hupoa kuliko sehemu nyingine, na nyuma ya kabati hewa haizunguki kabisa. Chukua hewa ya nyuzi joto 25 yenye unyevu wa asilimia 60. Ikigusa ukuta ulio na nyuzi joto 20, unyevu wake pale ukutani unapanda hadi asilimia 80 na ushee. Ukungu hausubiri ukuta utoe jasho la kuonekana kwa macho. Asilimia 80 ikikaa siku kadhaa inatosha. Ndiyo maana mtu anapapasa ukuta, anauona mkavu, halafu anashangaa ukungu umetoka wapi.

Chini ni habari nyingine. Unga mweupe huo kwa kawaida si ukungu, ni chumvi. Maji yanapanda ndani ya tofali kutoka ardhini yakiwa yamebeba chumvi, yanafika usoni mwa ukuta, yanakauka, chumvi inabaki na kuisukuma rangi. Hakikisha hivi: pulizia maji kidogo juu ya ule unga. Chumvi huyeyuka na kupotea, ukungu hubaki.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, fanya jaribio la nailoni. Kata vipande viwili vya nailoni safi ya kuona, sentimita 45 kwa 45, kimoja ukibandike juu na kingine chini, mahali ambapo rangi imekwanguliwa na kufutwa vizuri. Ziba kingo zote nne kwa utepe wa gundi (selotepu), usiache hata upenyo. Subiri saa 24 hadi 48. Matone yakitokea upande wa nailoni unaotazama ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande unaotazama chumba, ni mvuke wa chumbani. Ukikuta nailoni ya juu ina matone upande wa chumba na ya chini ina matone upande wa ukuta, umepata jibu la swali lako la kwanza.

Jambo jingine: kama upande wa pili wa ukuta au karibu yake kuna bafu au bomba, funga koki zote, soma mita ya maji, kaa saa mbili bila mtu kutumia maji, usome tena. Namba ikisogea kuna bomba linalovuja, na hapo hadithi ya unyevu wa ardhini inaweza kuwa si kweli hata kidogo.

Kuhusu rangi ya kuzuia maji kwa ndani: mwambie fundi asubiri. Ukiziba uso wa ndani wakati maji yanaendelea kupanda, hayakomi. Yanapanda zaidi yakitafuta pa kutokea, kwa hiyo ule mstari wa sentimita 60 unaweza kuhamia juu zaidi, na rangi mpya itavimba kama ya zamani.

---

Nesi_wa_Kifua amejibu:

Nitajibu la mtoto na la maabara.

Usitumie fedha maabara. Rangi ya ukungu haikuambii kama una sumu. Aina nyingi kabisa zina weusi, na ile inayoogopwa, Stachybotrys, hupenda karatasi na mbao zilizolowa muda mrefu kuliko vidoa vya mvuke kwenye lipu. Zaidi ya hapo, hakuna kiwango kilichokubalika cha mbegu za ukungu hewani cha kulinganisha na majibu yako. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, halikuweka namba yoyote, lilisema unyevu wenyewe uzuiwe na ukungu uondolewe. Aina yoyote itakayosomwa maabara, kazi ya kufanya ni ile ile.

Kwa mwenye pumu hatari ni ya kweli. Mbegu nyingi za ukungu zina upana wa mikroni 2 hadi 10, na zile ndogo hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwenye pumu au mzio hupata kikohozi cha usiku, kifua kubana na kutoa sauti ya filimbi, mafua yasiyokoma, macho kuwasha. Dalili ya kuangalia: anapata nafuu akilala kwingine siku chache, kisha zinarudi akirudi chumbani. Mweleze daktari hilo waziwazi, maana mara nyingi hawaulizi kuhusu ukuta. Akianza kuhitaji dawa ya kuvuta ya kutuliza mara nyingi kuliko kawaida yake, usisubiri ukuta utengenezwe, mpeleke.

Wanaohitaji tahadhari kubwa zaidi ni wenye kinga iliyoshuka: walio kwenye tiba ya saratani, waliopandikizwa kiungo, wanaotumia steroidi kwa wingi. Kwao ukungu wa Aspergillus unaweza kuota ndani ya mapafu, jambo ambalo kwa mwenye afya njema ni nadra sana. Hao wasisafishe wala wasiwe karibu.

Mtoto ahamishwe chumba leo. Siku ya kusafisha asiwepo nyumbani, na asirudi humo hadi pakauke na vumbi lote lifutwe kwa kitambaa kibichi.

---

Lipu_na_Msasa amejibu:

Mkaguzi kasema kweli kuhusu rangi. Naongeza namna ya kusafisha kule juu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoueneza ukungu nyumba nzima.

Eneo likiwa chini ya mita 1 kwa mita 1, unaweza kulifanya mwenyewe. Likizidi hapo, au likiwa limetokana na maji taka, tafuta mwenye vifaa. Vaa barakoa ya N95 (ya kitambaa haizuii mbegu), glavu za mpira zinazofika katikati ya mkono, na miwani ya kukinga macho isiyo na matundu. Toa nguo na godoro, funga mlango wa kuingia ndani, fungua dirisha. Feni izime, usiielekeze kabisa kwenye ukungu.

Usiguse kwa brashi kavu. Ukungu ukikwanguliwa mkavu unarusha mbegu kwa wingi. Kwanza pulizia maji yenye sabuni, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwa lita 1, acha dakika chache palowe. Kisha sugua kwa sponji ukianzia kingo kuelekea katikati ya doa, suuza sponji kwenye ndoo ya pili, badilisha maji yakichafuka. Futa kwa kitambaa safi na upakaushe siku hiyo hiyo. Sponji na vitambaa vifungwe kwenye mfuko kabla ya kuvitoa chumbani.

Jiki uiache. Kwenye vigae na vioo inafaa, lakini kwenye lipu klorini hubaki usoni, maji yake ndiyo yanayozama ndani. Unaona pameng'aa, kumbe umeunywesha ukuta.

---

Zuhura_Usafi amejibu:

Nakubaliana nusu, kaka. Jiki si kitu cha kwanza, lakini baada ya sabuni hubaki kivuli cha doa ambacho sabuni haikitoi, na kwenye ukuta uliopakwa rangi ngumu inayooshika klorini kidogo hukimaliza. Kipimo kisizidi mililita 250 kwa lita 4 za maji. Kuzidisha hakuongezi kitu ila kuumiza koo, na kwa mwenye pumu moshi wake unatosha kuamsha kifua.

La kutisha ni michanganyiko. Jiki na siki, au jiki na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini. Jiki na dawa yenye amonia hutoa gesi nyingine mbaya vile vile. Wapo wanaopaka siki kwanza "iue mizizi" halafu jiki "ing'arishe", kwenye chumba kimoja kilichofungwa. Chagua moja, na kama ulishatumia nyingine, suuza kwa maji mengi na usubiri pakauke.

Ila tusidanganyane: hata ukungu uliokufa bado unawasha. Kuua si kazi, kazi ni kuutoa pale ulipo. Godoro, mto au zulia lililoingia ukungu ndani litupwe. Nguo zifuliwe kwa maji ya moto, nyuzi joto 60 kama kitambaa kinavumilia.

---

Pembe_ya_Dari:

Asanteni sana. Nimeweka nailoni. Saa 30 sasa: ya juu ina matone madogo madogo upande wa chumba, ya chini imelowa upande wa ukuta. Mita ya maji haikusogea. Nje, usawa wa udongo wa bustani umepanda hadi karibu sawa na sakafu ya ndani. Nifuate mpangilio gani, na lipu ya chini ibomolewe kiasi gani?

---

Mkaguzi_Nyumba amejibu:

Basi chanzo cha chini umekitaja mwenyewe. Udongo umepita ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu iliyolazwa juu ya msingi, kwa hiyo maji yanaingia ukutani juu yake na haina kazi tena. Chimba uondoe udongo ukutani hadi ubaki angalau sentimita 15 chini ya karatasi hiyo, na ardhi iinamie mbali na nyumba. Angalia pia lipu ya nje: ikiwa imeshuka kuifunika karatasi hadi ardhini, inapandisha maji kama utambi, ikatwe juu ya usawa wake. Na maji ya paa yasimwagikie hapo.

Kwa mvuke wa juu, sogeza kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, nguo zikaushwe nje, na fungua madirisha yanayotazamana dakika 10 hadi 15 asubuhi. Nunua kipima unyevu kidogo, ukiweke mbali na dirisha, ulenge chini ya asilimia 60, ikiwezekana 50. Lakini kukiwa na mvua na joto nje, kufungua dirisha kunaingiza unyevu badala ya kuutoa. Siku hizo ni kiyoyozi au mashine ya kunyonya unyevu. Vibakuli vya chumvi na mkaa havifikii kazi ya chumba kizima.

---

Lipu_na_Msasa amejibu:

Lipu ibomolewe hadi kwenye tofali, sentimita 30 juu ya mstari wa mwisho wa chumvi. Kwako hapo ni kama sentimita 90 kutoka sakafuni. Ukipiga lipu mpya juu ya ile yenye chumvi, chumvi itavuta unyevu wa hewani hata baada ya ardhi kukauka. Toa skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta, usawa wa sakafu) pia, na uchome nyuma yake kwa bisibisi kama ni ya mbao. Ikizama bila nguvu, imeoza, na mbao nyingine iliyogusana nayo ikaguliwe.

Tofali liachwe wazi wiki kadhaa baada ya kuchimba nje, likipigwa brashi kila unga mweupe unapotoka. Brashi kavu, vumbi lizolewe, usioshe kwa maji, yatairudisha chumvi ndani. Rudia nailoni. Ikikaa siku mbili bila tone upande wa ukuta, piga lipu. Lipu mpya ihesabie milimita 1 kwa siku kukauka, yaani ya milimita 15 ni nusu mwezi kwa uchache, na zaidi wakati wa mvua. Kisha rangi ya maji ya kawaida inayopumua, yaani inayopitisha mvuke, mkono wa kwanza ukiwa mwepesi. Ile ya kuzuia maji, kama fundi ameshainunua, airudishe.

---

Pembe_ya_Dari:

Na mtoto anaweza kulala humo wakati tofali liko wazi?

---

Nesi_wa_Kifua amejibu:

Hapana. Ukuta unaokauka unatoa maji mengi chumbani na brashi inarusha vumbi la saruji. Arudi baada ya rangi kukauka na harufu yake kuisha, na kipima unyevu kikisoma chini ya asilimia 60 asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa.