Kijana hataki hospitali, tuanzie wapi? (Urambo, Tabora)

Swali: Wakuu, kijana wa miaka 22 halali usiku wa nne sasa, anasema hana haja ya kuishi. Hospitali hataki kusikia. Msaada wa karibu ni upi?

Jibu: Poleni sana. Leo hii dawa za kunyunyizia tumbaku na kamba zitoke humo ndani, zifungiwe kwa jirani. Kuzificha darini hakutoshi. Asiachwe peke yake, hata chooni mtu awe karibu. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Jibu: Mwenyekiti wa kitongoji awaunganishe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ombeni waje nyumbani. Andikeni kabla: analala saa ngapi, anakula nini, pombe au bangi, dawa alizoacha. Piga 199 ya Wizara ya Afya, bure. Kwa mtoto ni 116.

Jibu: Naongeza: msimfunge kamba, tafadhali. Anaumia, na hatawaamini tena. Ila akiwa na homa na kuchanganyikiwa, huenda ni malaria kali: kituo cha afya papo hapo. Akinywa sumu vilevile. Msimtapishe, na chupa yake mwende nayo.